Macho ya Rozi

Kambi ya Juu,
Kwenye majani chai, upande wa Kaplong.
Jumatatu jioni, baada ya mvua

Mpendwa Mama,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia, uliipaka, au umeiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na kaka yangu Duke ameacha kulala hadi jua lipande? Mwambie dada yake anamsalimu, na anajua bado analala.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Huku hakujabadilika: asubuhi jua, mchana mawingu, na kabla ya watu kutoka kazini mvua ya mawe inatwanga mabati hadi redio haisikiki. Mashine za kuchuna majani zimeongezwa tena, wachumaji wengi wamerudi makwao, na nusu ya nyumba za kambi hazina mtu. Mimi bado niko kwa mizani. Siku hizi mizani inajisomea yenyewe, kwa hivyo kazi yangu kubwa ni kusimama kando yake nikionekana nina kazi. Hayo ni ya mwili. Ya moyo si mazuri, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Usiudhike, Mama, lakini simu yako si yako peke yako. Ukipigiwa unaweka sauti kubwa, unaita boma zima kwamba Rozi wa filamu amepiga, na kabla sijamaliza kukuuliza hali, Baba mdogo Ogari ameshaingia, jirani naye ameshaingia na mwiko mkononi, na kila mmoja anataka nimsemee yale maneno ya kwenye filamu. Barua haiwekwi sauti kubwa. Rafiki yangu Metrine anapitia huko kesho akienda kununua ndizi, na ameniapia ataitia mkononi mwako, si mwa Baba mdogo. Ukiipata ingia chumbani, vaa miwani, funga mlango. Usiisomee jikoni.

Ninayotaka kukueleza yanaanzia kwenye ile filamu, *Nyapara Amelala*. Unafikiri unaijua kuliko mimi, na pengine ni kweli, maana wewe huitazama kila Krismasi na mimi siku hizi nikiisikia kwa jirani hutoka nje. Lakini kuitazama ni jambo moja na kuitengeneza ni jingine. Anayekula chapati hajui ni nani aliyeungua vidole. Nivumilie nikueleze ilivyopikwa, kwa sababu hata Baba mdogo aliyeigiza ndani yake hajui yote.

Johana, mwenye filamu, alikuja kutoka Nakuru na gari lililosukumwa kuliko lilivyoendeshwa, na kamera ya kukodi. Hadithi alikuwa nayo kichwani. Msichana wa Kikisii anayechuna majani anapendana na kijana Mjaluo wa boila ya kiwandani. Nyapara anamtaka msichana huyo kwa mwanawe, kwa hivyo anazunguka kati ya mistari ya chai mchana kutwa ili wawili wasionane. Udhaifu wake ni uji: akinywa kikombe kimoja analala palepale alipo. Basi kambi nzima inapika uji. Hiyo ndiyo filamu yote, na watu wamecheka hadi leo.

Waigizaji wa kweli hakuwa nao. Rozi, yule msichana wa hadithi, alikuwa awe msichana fulani kutoka Nakuru, lakini asubuhi ya kwanza aliona kinyonga kwenye chai akalia, na kufika mchana alikuwa amepanda gari kurudi kwao. Johana akaja kwa mizani amechanganyikiwa, akanikuta nikimfokea mtu aliyemwagia kikapu chake maji ili kiwe kizito. Akaninyooshea kidole, akasema, "Huyu. Huyu ana mdomo." Hivyo ndivyo nilivyokuwa nyota, Mama. Oketch wa boila alichaguliwa awe Zablon, yule mpenzi wa Rozi, kwa sababu ni mrefu na alikuwa na koti la ngozi. Hakujua kuigiza hata kidogo. Akiambiwa afurahi alikuwa anaonyesha meno yote kama anayepimwa na daktari.

Chakula na ukumbi vilitoka kanisani, na kwaya pia, na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo limenifunga mpaka leo. Wazee wa kanisa walikubali kusaidia kwa sharti moja: mvulana na msichana wasigusane, hata mkono. Mzee Kepher akapewa kiti kando ya kamera kusimamia hilo, na Biblia mapajani. Alilipenda sana lile neno la Johana la kukatisha. Oketch akinisogelea tu kunipokea kikapu, Mzee alikuwa anapiga kelele, "Kata!" kabla ya mwenye filamu mwenyewe. Johana alikasirika, kisha akacheka, kisha akasema vizuri, kama ni hivyo mapenzi yote yatakwenda kwa macho.

Ndipo akatunga ile sehemu. Unaijua. Nyapara amelala juu ya gunia katikati ya chai, kikombe kimemwangukia kifuani. Zablon yuko upande huu wa mstari, Rozi upande ule, na kati yao ule mkoromo. Hawasemi neno. Tunaona uso wa Zablon. Tunaona uso wa Rozi: anamtazama, anainamisha macho, anayainua tena, na tabasamu linamtoka lenyewe kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Uliniambia akina mama wa kikundi chenu huisimamisha picha hapo wakafuta machozi. Huku, madereva wa trekta wanaibeba kwenye simu. Watu wote husema jambo moja, kwamba mapenzi kama yale hayaigizwi.

Tangu hapo, Mama, sijaenda popote peke yangu. Nikinunua nyanya Kaplong naongezewa moja, "ya Zablon." Nikivaa nguo mpya naambiwa Zablon anajua kuchagua. Siku niliyougua malaria, waliokuja kuniona walimpa pole Oketch. Yeye hakuwahi kuniposa. Alianza tu kuja upande wetu baada ya ibada, na watu wakisogea kwenye benchi ili akae karibu nami, na mimi ningesema nini, kwamba benchi ni langu? Baadaye mchungaji akatutaja kwenye mahubiri kama mfano. Baadaye Baba mdogo akapokea wageni kutoka kwao waliokuja "kujulikana," na mimi nilisikia habari hiyo kwa mizani, kutoka kwa mchumaji.

Tafadhali usifikiri nalalamika juu ya Oketch. Ni mtu mwema. Alinizibia paa wakati wa mvua, na hanywi pombe, na anamtunza ndugu yake aliyeumia mguu. Lakini nimejichunguza na kuomba, na nikimwona akija njiani, moyo wangu unakaa vilevile kama nimeona mtu wa kusoma mita. Ningekuwa nimeulizwa mapema ningesema hivyo mapema. Mama, katika miaka hii yote hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kama nampenda. Watauliza nini na wameshaona jibu kwa macho yao?

Na lililonibana zaidi ni la chifu. Wewe unajua tulipotoka. Unaukumbuka mwaka ule wa moto wa kura, tulipofukuzwa, kuliko mimi niliyekuwa mtoto: lori, godoro juu ya vichwa vyetu, Duke akilia kwa sababu ya paka. Sasa kila kura ikikaribia chifu anatundika shuka jeupe ukutani kwa shule, anaonyesha *Nyapara Amelala*, na mwishoni anatusimamisha mbele, mimi na Oketch. Anasema, "Mnaona hawa? Mjaluo na Mkisii, ndani ya nchi ya Wakipsigis, na nyapara Mkipsigis amelala! Hakuna mtu amepigana." Watu hucheka na kupiga makofi, na wazee huja kunishika mkono. Mama mmoja aliyepoteza nyumba yake mwaka ule aliniambia akituona pamoja analala usingizi. Mwakani ni kura tena. Nikifikiria kusema sitaki, naona uso wa yule mama, na ulimi wangu unarudi ndani.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, nikijiambia labda mambo yatapoa yenyewe. Hayakupoa. Jumamosi hii wanakuja kutoa mahari, na nimepata habari ambayo sidhani wewe umeambiwa kikamilifu. Johana anakuja pia. Baba mdogo na yeye wameelewana kwamba siku hiyo yote ipigwe picha iwe sehemu ya pili ya filamu. Ndiyo maana amekutaka upake nyumba rangi ya samawati na si ile ya kahawia uliyoitaka. Ndiyo maana zimeagizwa hema mbili. Wazee wameonyeshwa mahali pa kukaa ili wasigeuzie kamera visogo. Baba mdogo ananipigia kunisomea maneno yake, na kuniuliza kama aseme "karibuni" kwa sauti nzito au ya kawaida. Nilimwambia ya kawaida, akasema nzito ni bora.

Na wewe unajua mila yetu ilivyo siku hiyo. Kabla wazee hawajagusa chochote, msichana anaitwa atoke nyumbani, anasimama katikati ya pande mbili, na anaulizwa: unawajua wageni hawa? Tupokee vitu vyao? Bila jibu lake hakuna kinachoendelea. Wahenga waliweka swali hilo makusudi, nadhani walijua kuna wasichana kama mimi. Lakini katika filamu mimi niliulizwa na Baba mdogo huyohuyo, nikajibu, "Kama siwajui mimi, atawajua nani?" na sasa maneno hayo yameandikwa kwenye fulana za vijana kutoka hapa mpaka Sigor. Jumamosi kila mtu atainua simu nikitoka mlangoni. Hakuna anayengoja jibu. Wanangoja ule mstari.

Sasa, Mama, nakufikisha mahali penyewe. Kama hujafunga mlango, ufunge.

Siku ile macho ya Rozi yalipopigwa picha, Oketch hakuwepo.

Sizungumzi kwa mafumbo. Johana ana kamera moja, na kamera moja haiwezi kutazama nyuso mbili kwa pamoja. Anapiga uso wa huyu, kisha wa yule, halafu akirudi Nakuru anaziunganisha. Uso wa Oketch aliupiga asubuhi moja, mkoromo na yote. Kabla hajanigeukia mimi, mvua ya mawe ikaja ikatufukuza. Usiku huo ndugu yake Oketch akagongwa na pikipiki, na Oketch akaenda kumwuguza hospitalini Longisa. Akakaa huko. Kamera ilitakiwa irudi Nakuru, Johana hakuweza kungoja. Akasema uso wangu tutaupiga hivyohivyo, mradi nipate mtu wa kumtazama asimame pale Oketch aliposimama. Na huyo mtu ashike ubao mweupe urudishe mwanga wa jua usoni mwangu, maana kulikuwa na mawingu.

Aliyeshika ubao alikuwa Kipngeno. Alikuwa ameajiriwa na Johana kubeba mizigo na kusukuma gari. Johana akaniambia nimtazame kama mtu ninayempenda. Nikamtazama. Hakukuwa na haja ya kuigiza. Tulikuwa tumeanza kuzungumza kabla Johana hajasikia hata jina la Kaplong, tukikutana mtoni ambako nilikuwa nikichota maji utotoni. Nilipoinamisha macho ni kwa sababu Mzee Kepher alikuwa pale na niliona haya. Nilipoyainua ni kwa sababu sikuweza kuyazuia. Mzee hakusema kata. Alikuwa akitafuta mtu wa kugusana na hakuona mkono wowote.

Kama huniamini, Mama, siku nyingine akina mama wakiisimamisha picha hapo, usitazame uso wangu. Tazama nyuma. Nyuma ya Oketch chai ni kijani, imejaa, inangoja kuchunwa. Nyuma yangu ni vijiti vitupu. Kati ya siku ile na ile, watu wa kupogoa walipita na mapanga wakaikata yote. Johana alishika kichwa alipogundua, alijua hapa ni nchi ya watu wa chai, atachekwa mpaka Litein. Miaka yote hii filamu imetazamwa na wachumaji, manyapara, mameneja, watu ambao wakiona jani moja wanajua limelala njiani, na hakuna aliyesema, mbona chai imepogolewa katikati ya mapenzi? Wote walikuwa wananitazama mimi. Hata wewe uliyechuna mpaka vidole vikawa vyeusi hukuona.

Nilimwambia Oketch, wiki jana. Nilimkuta kwa boila, nikamwambia yote, pamoja na jina la Kipngeno. Nilidhani atakasirika. Alikaa juu ya kuni. Kisha akasema, "Najua sikuwa hapo, Bilhah. Lakini hiyo picha nimeiona mara mingi mpaka siku hizi nakumbuka nikiwa hapo." Alilia, na mimi nikalia, kwa sababu nilielewa. Hata yeye wamemfunga. Akasema hawezi kuwaambia watu wake wasije. Kwao wakisikia mwanamume amekataa baada ya yote hayo, watasema ameniharibia jina, na ugomvi utakuwa wa makabila, jambo ambalo sote tunaliogopa. Lakini akaniambia pia, neno likitoka kwa mama wa msichana, watu wake watalipokea kwa heshima. Wewe unajua ni kweli. Siku ya namna hiyo ni ya mama. Akisema nyumba yake haiko tayari, wageni hawatoki kwao, na hakuna aliyetukanwa.

Huo ungekuwa mwisho wa barua, kama Kipngeno angekuwa Kipngeno yeyote.

Ni Kipngeno wa Tecla. Ndiyo, Mama. Tecla yuleyule. Najua umeiweka barua chini. Pumua, kisha uiokote.

Sijasahau cherehani. Nilikuwa nimeshika sketi yako tuliporudi kuichukua. Ulikuwa umemwachia Tecla kwa sababu mlikuwa mkigawana chumvi na mkisitiriana aibu za waume zenu, na ulimwambia itunze mpaka moto uishe. Tuliporudi alisimama mlangoni, akakuuliza, "Cherehani gani?" Na nyuma yake, juu ya meza, kulikuwa na kile kitambaa chako cha kufunikia, chenye maua mekundu uliyoyashona mwenyewe. Ulinishika mkono tukaondoka, na njia nzima hukulia, na ulipofika nyumbani ulisema hutakula tena kitu kilichopikwa na mkono wa mtu wa nyumba ile. Sijawahi kukusikia ukitukana mtu, lakini jina hilo huwa hulitaji kabisa, ukilazimika unasema "yule wa mtoni."

Sikuandikii kumtetea. Kipngeno mwenyewe hamtetei. Nilimwuliza siku ya kwanza, kabla hata sijamruhusu anibebee ndoo, kama anajua mimi ni mtoto wa nani. Akasema, "Najua. Wewe ni wa cherehani." Alikuwa mdogo kama mimi. Anasema ilishonea sare za watoto wa kijiji kizima, na kila alipovaa yake alijua. Kama vijana wa mwaka ule walimtisha mama yake asirudishe kitu cha watu waliofukuzwa, au kama ni tamaa tu, hajui, na mama yake hasemi. Alipomwambia kuhusu mimi, Tecla aliuliza, "Ni yule msichana aliyekuwa ameshika sketi?" kisha akaingia ndani, na siku hiyo hakutoka tena.

Kipngeno sasa yuko Sigor, anasimamia mtambo wa kupozea maziwa ya wafugaji. Si tajiri na si maskini. Filamu ameitazama mara moja tu, kwenye baraza la chifu. Ilipofika ile sehemu, mtu aliyekaa kando yake alimgonga kiwiko akamwambia, "Ona vile huyo dame anapenda yule jamaa." Akasema ndiyo, naona. Amenisubiri muda wote huu bila kunitukana na bila kwenda kumwambia mtu, ingawa angeweza kusimama popote akasema macho yale yalimtazama yeye. Mwezi uliopita tu ndipo aliponiambia amechoka kuwa mtu wa kushika ubao. Hakuwa na hasira. Alisema tu, akaendelea kuosha mikebe.

Mama, mimi nimekuwa kati ya watu hawa wote kama yule nyapara kwenye gunia, isipokuwa mimi sikulala. Chifu ana sababu yake, na Baba mdogo ana hema zake, na Oketch ana picha yake, na wewe una kidonda chako ambacho ni halali kabisa. Kila nikigeuka nagusa ukuta wa mtu ninayempenda au ninayemheshimu. Nakupenda. Nakuogopa pia, naomba uniwie radhi kwa kulisema. Sikuombi umsamehe Tecla, hilo ni lako na la Mungu. Sikuombi hata umpende Kipngeno. Siku atakapokuja, kama atakuja, mpe tu kiti, na kama hutaki kula alichokishika, usile.

Ijumaa nitafika nyumbani. Jumamosi wakija nitaitwa, nitatoka, nitaulizwa kama nawajua wageni hawa, na nitasema siwajui. Hilo limekwisha moyoni mwangu, na hata ukinipigia simu ya sauti kubwa ukiwa umezungukwa na boma zima sitalibadilisha. Kwa hivyo sikuulizi kama niseme hapana. Nakuuliza tu niiseme wapi. Ukituma neno kwa akina Oketch kabla ya Ijumaa, nitaisema jikoni kwako, mbele yako peke yako. Usipotuma, nitaisema katikati ya hema mbili, na Johana atakuwa ameweka kamera usoni mwangu.

Nisalimie Duke, na akina mama wa kikundi, na ng'ombe mwekundu kama amezaa. Baba mdogo usimsalimie bado. Mungu akulinde na baridi, na upake ile dawa.

Ni mimi binti yako,
Bilhah Nyaboke